Mwamko wa Ulaya Haukuota kama Uyoga

Liko somo moja la historia ambalo katika madarasa mengi hufundishwa kwa dakika 40 na kusahauliwa kwa dakika tano. Somo hilo ni chanzo cha Mwamko wa Ulaya, yaani kile kipindi ambacho Wafaransa walikipa jina la Renaisansi, maana yake kuzaliwa upya. Mwalimu huingia darasani, huandika ubaoni mwaka 1453, huwaeleza vijana kwamba katika mwaka huo Waturuki waliuteka mji wa Constantinople, kwamba wataalamu wa Kigiriki walikimbilia Italia na vitabu vyao kwapani, na kwamba tangu siku hiyo Ulaya iliyokuwa gizani ikauona mwanga. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, na somo limekwisha. Siku ya mtihani maneno hayo hayo hurudishwa kwenye karatasi, alama hutolewa, na hakuna anayeyauliza tena.

Hadithi hiyo ni fupi, ni nyepesi kukariri, na si ya kweli. Lakini ubaya wake hauishii katika tarehe moja iliyowekwa mahali pasipo pake. Ubaya wake mkubwa ni fundisho linalojificha ndani yake, kwamba jamii yaweza kulala usingizi kwa miaka 1,000 na kuamka asubuhi moja kwa bahati, pasipo jasho lake, pasipo shule zake na pasipo deni lolote kwa jirani zake. Kijana wa miaka 15 anayelimeza fundisho hilo hutoka darasani na moja ya imani mbili. Ama ataamini kwamba maendeleo yamo katika damu ya watu fulani na hayamo katika damu ya wengine. Ama ataamini kwamba maendeleo ni muujiza unaopaswa kungojewa. Imani zote mbili ni kasumba, na zote mbili humfanya kijana akae akikunja mikono.

Na hoja ianze kwa tarehe, maana tarehe hazina jamaa wala rafiki. Mchoraji Giotto alizipamba kuta za kanisa dogo la mji wa Padua mnamo mwaka 1305, akachora watu wenye uzito, huzuni na furaha kama binadamu wa kweli; alifariki mwaka 1337. Mshairi Petrarca alizigundua mjini Verona barua za Cicero, mwanasiasa wa Rumi ya kale, mwaka 1345. Alifariki mwaka 1374. Manuel Chrysoloras, Mgiriki wa Constantinople, alianza kufundisha Kigiriki mjini Florence mwaka 1397, na wala hakuwa mkimbizi: aliitwa na serikali ya mji huo na kulipwa mshahara. Mchoraji Masaccio, ambaye picha zake zilikuja kuwa chuo kwa wachoraji waliomfuata, alifariki mwaka 1428. Brunelleschi alianza kujenga kuba kubwa ya kanisa kuu la Florence mwaka 1420, na kufikia mwaka 1436 kuba hiyo ilikuwa imekwisha kufunika kanisa.

Yote hayo yalitendeka kabla ya mwaka 1453. Itakuwaje basi mtoto awe amezaliwa, amekua na ameota ndevu kabla ya mimba yake kutungwa? Kweli, Wagiriki waliohamia Italia walileta faida kubwa. Kardinali Bessarion, aliyekuwa amekwisha kuhamia huko kabla ya Constantinople kuanguka, aliukabidhi mji wa Venice maktaba yake yenye thamani kubwa mwaka 1468. Lakini watu hao waliongeza kuni katika moto uliokuwa ukiwaka tayari. Mwalimu anayewaambia vijana kwamba wao ndio waliouwasha anawafundisha kinyume cha mambo yalivyokuwa.

Yafaa pia kuuliza hadithi hii ya kuamka ghafla ilitungwa na nani. Mwaka 1550 Giorgio Vasari, mchoraji aliyewatumikia watawala wa Florence, alichapisha maisha ya wasanii wa Italia akadai kwamba sanaa ilikuwa imekufa na kwamba mafundi wa nchi yake ndio walioifufua. Huyo alikuwa mtu wa nyumbani akiisifu nyumba yake. Miaka 300 baadaye, Jules Michelet wa Ufaransa mwaka 1855 na Jacob Burckhardt wa Uswisi mwaka 1860 walikichukua kipindi hicho wakakifanya kuwa mlango wa kuingilia katika ulimwengu mpya. Wasomi hao wawili hawakuwa maafisa wa makoloni, na kazi zao zina maarifa mengi. Lakini robo karne tu baadaye, mwaka 1884 na 1885, mataifa ya Ulaya yalikaa Berlin kuwekeana masharti ya kuligawana bara la Afrika, na hadithi ya bara moja lililoamka peke yake huku mengine yakikoroma ikawa na wateja wengi. Hadithi ya namna hiyo humpa mtawala sababu ya kutawala, na humpa mtawaliwa sababu ya kunyamaza.

Chanzo cha kweli kilikuwa nini? Kilikuwa kazi, fedha, shule na mikopo ya elimu, na kila kimoja kati ya hivyo chaweza kuelezwa kwa kijana kwa maneno ya kawaida.

Kwanza, fedha. Mwandishi wa habari za kale, Giovanni Villani, aliyeishi Florence, aliorodhesha mambo ya mji wake wa mnamo mwaka 1338 kama karani anayefunga hesabu za mwaka. Alikadiria kwamba mji ulikuwa na watu wapatao 90,000. Kwamba karakana za nguo za sufu zilikuwa 200 au zaidi. Na kwamba watu 30,000 waliishi kwa kazi hiyo. Tangu mwaka 1252 mji huo ulikuwa ukipiga sarafu yake ya dhahabu, florini, iliyokubaliwa katika masoko ya Ulaya na Bahari ya Kati. Na dhahabu ile ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya dhahabu iliyoifikia Ulaya katika karne zile ilivushwa jangwa la Sahara kwa ngamia kutoka Afrika Magharibi, ikapokelewa katika bandari za Afrika Kaskazini. Hata lile kanisa dogo la Padua lililochorwa na Giotto lilijengwa kwa fedha za Enrico Scrovegni, ambaye baba yake alikuwa mkopeshaji wa riba mwenye sifa mbaya kiasi kwamba mshairi Dante alimweka motoni katika utenzi wake. Sanaa haikushuka kutoka mawinguni. Ililipiwa, na kijana ana haki ya kujua ni nani aliyelipa.

Pili, shule. Villani huyo huyo aliandika kwamba watoto kati ya 8,000 na 10,000, wavulana kwa wasichana, walikuwa wakijifunza kusoma. Kwamba wavulana kati ya 1,000 na 1,200 walikuwa wakijifunza hesabu katika shule sita. Na kwamba wengine kati ya 550 na 600 walisoma sarufi na mantiki katika shule nne kubwa. Hata msomaji akipunguza takwimu hizo kwa kuhofia majivuno ya mwenye mji, bado utabaki mji ambao watoto wa wauza duka walijua kusoma na kuhesabu, miaka zaidi ya 100 kabla ya mwaka ule unaoandikwa ubaoni. Katika mji wa namna hiyo, Brunelleschi, mtoto wa mthibitishaji wa hati, aliweza kujifunza ufundi wa dhahabu na hesabu, hatimaye akajenga kuba ambayo wakubwa wa ujenzi walidhani haijengeki.

Hapa pana jambo ambalo walimu na watumishi wa serikali wangepaswa kulijua kuliko watu wote, nalo ndilo linaloachwa mara nyingi. Waliouongoza Mwamko katika hatua zake za kwanza hawakuwa wafalme wala mashujaa wa vita. Walikuwa makarani na walimu. Coluccio Salutati alikuwa katibu mkuu wa serikali ya Florence tangu mwaka 1375 hadi alipofariki mwaka 1406. Mchana aliandika barua za serikali, na nje ya kazi hiyo alikusanya vitabu vya kale, akawalea vijana wasomi na kusimamia kuitwa kwa Chrysoloras. Leonardo Bruni, mmoja wa wanafunzi wa Chrysoloras, alikuja kukikalia kiti hicho hicho cha ukatibu na kuandika historia ya mji wake. Poggio Bracciolini, aliyeligundua utenzi wa Lucretius mwaka 1417, alikuwa karani wa Papa. Vittorino da Feltre alifungua shule mjini Mantua mwaka 1423, akawafundisha watoto wa mtawala pamoja na watoto wa maskini wasiolipa ada. Mtu anayelidharau faili, daftari na chaki hana budi kuisoma upya historia hii.

Tatu, elimu ya kuazima. Leonardo wa Pisa, anayejulikana kwa jina la Fibonacci, alijifunza tarakimu za Kihindi alipokuwa kijana huko Bugia, katika Algeria ya leo, ambako baba yake aliwasimamia wafanyabiashara wa Pisa. Kitabu chake cha mwaka 1202 kiliwaonyesha wafanyabiashara wa Italia njia ya kuhesabu ambayo al-Khwarizmi wa Baghdad alikuwa ameieleza tangu karne ya tisa. Katika mji wa Toledo, Hispania, Gerard wa Cremona, aliyefariki mwaka 1187, alitafsiri vitabu zaidi ya 70 kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, pamoja na kitabu kikuu cha tiba cha Ibn Sina. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Cairo katika karne ya 11, alieleza jinsi nuru inavyoingia jichoni, na mchongaji Ghiberti wa Florence alikichota kitabu chake alipoandika juu ya kuona na kuchora. Karatasi nayo, ambayo bila hiyo vitabu vingebaki mali ya matajiri, ilitoka China, ikapita Baghdad na Hispania, hata ikaanza kutengenezwa Fabriano, Italia, katika karne ya 13.

Wala haikupokelewa yote kwa mikono miwili. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu zao kwa tarakimu hizo za kigeni. Katazo halikudumu, kwa kuwa aliyezitumia alihesabu upesi zaidi kuliko aliyezikataa. Hili nalo ni fundisho kwa kijana: mji ule uliendelea pale ulipokubali kujifunza kwa mgeni, na ulijichelewesha pale uliponuna.

Baada ya kusema hayo, lazima pia wajibiwe wale wanaosimama upande wa pili. Wapo wanaodai kwamba Mwamko wote ni wizi, kwamba Ulaya haikufanya lolote ila kunakili vya Waarabu na Waafrika, na kwamba kwa hiyo somo hili lifutwe, vijana wafundishwe mambo ya kwao tu. Dai hilo lina utamu wa kulipiza kisasi, lakini halina ukweli zaidi ya lile la kwanza. Barua za Cicero na utenzi wa Lucretius havikutoka Baghdad. Vilikuwa vimehifadhiwa katika maktaba za makanisa na nyumba za watawa wa Ulaya yenyewe, na walionakili vitabu hivyo ni watawa wa zama zile zile zinazoitwa za giza. Ushairi wa Homer ulifika Italia kwa Kigiriki chake, na ulisomwa kwa msaada wa walimu wa Kigiriki. Kuba ya Brunelleschi haikunakiliwa popote. Isitoshe, elimu aliyoazima mtu akaifanyia kazi haiitwi ya wizi. Wasomi wa Baghdad nao waliazima kwa Wagiriki na Wahindi, na hakuna mwenye akili timamu anayewaita wezi kwa sababu hiyo. Kuuondoa uongo mmoja kwa kuleta mwingine ni sawa na kumfukuza fisi zizini kwa kumfungulia chui.

Na wala ukweli wa Mwamko si wa kupendeza siku zote. Vijana wafundishwe pia upande wa pili wa daftari. Mwaka 1348 tauni iliua kiasi cha nusu ya watu wa Florence au zaidi. Mwaka 1363, kwa upungufu wa watumishi, serikali ya mji huo iliruhusu kuingizwa kwa watumwa wasio Wakristo. Wengi wao walikuwa wasichana walionunuliwa katika masoko ya Bahari Nyeusi. Mwaka 1378 wachambuaji wa sufu, wale ambao jasho lao ndilo lililojaza masanduku ya mabwana, waliasi wakidai kuwa na chama chao na sauti katika serikali. Walipata kwa muda mfupi, kisha wakanyang'anywa. Wasichana waliojifunza kusoma kati ya wale watoto wa Villani hawakufunguliwa milango ya zile shule nne za sarufi. Mwamko huo uliwaamsha wachache na kuwaacha wengi wakifanya kazi usiku.

Hata pwani ya Afrika Mashariki ina ukurasa wake katika daftari hilo. Mwaka 1331, Giotto akingali hai, msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa akaukuta mji mzuri, wenye misikiti na wafanyabiashara, uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Kilwa haikuwa usingizini ikingoja kuamshwa. Mwaka 1500 msafara wa Pedro Álvares Cabral wa Ureno ulitia nanga Kilwa. Miongoni mwa waliouwekea mtaji alikuwa Bartolomeo Marchionni, mfanyabiashara wa Florence aliyekaa Lisbon, ambaye pia alichuma kwa biashara ya watumwa wa Afrika Magharibi. Mwaka 1505 majeshi ya Francisco de Almeida yaliiteka na kuipora Kilwa, kisha yakaichoma moto Mombasa. Fedha za mji ule uliozaa kuba na picha nzuri ziliwahi pia kuzifikia bandari za Waswahili, na zilifika ndani ya merikebu zenye mizinga. Kijana asipofundishwa hili atadhani kwamba historia ya Florence na historia ya Kilwa ni vitabu viwili visivyojuana.

Itasemwa kwamba muda hautoshi, kwamba muhtasari ni mrefu na kwamba vijana wa umri huo hawana hamu na mambo ya Italia. Sababu hizo zote zina majibu. Anayeandika ubaoni tarehe sita zilizotangulia mwaka 1453 hatumii muda mrefu kuliko anayeandika tarehe moja ya 1453. Na akiwauliza wanafunzi wenyewe kama hadithi ya wakimbizi inawezekana, watajibu kabla hajamaliza swali. Na hamu huletwa na mwalimu. Mwaka 1487 twiga alitembea katika mitaa ya Florence, zawadi ya Sultani Qaitbay wa Misri kwa Lorenzo de' Medici. Mwalimu na aanze somo kwa twiga huyo. Na aulize mnyama wa Afrika alifikaje pale, kwa nini sultani wa Kiislamu alimpelekea zawadi mtu wa benki wa Kikristo, na kila mmoja alitaka nini kwa mwenzake. Darasa litakalojibu maswali hayo litakuwa limefika lenyewe kwenye biashara, bahari, fedha na urafiki wa serikali, yaani kwenye chanzo chenyewe, pasipo kukaririshwa neno.

Baada ya hapo yatosha maswali matatu: nani alilipa, nani alifundisha, na nani aliachwa nje? Kijana aliyezoea kuyauliza maswali hayo juu ya Florence atayauliza pia juu ya Baghdad, juu ya Kilwa, na siku moja juu ya wilaya yake mwenyewe. Huyo ndiye raia anayetakiwa. Yule aliyekaririshwa sababu sita za Mwamko kwa mpangilio wa alfabeti ni kasuku aliyevaa sare.

Lawama si ya mwalimu peke yake. Anayetunga mtihani unaotoa alama kwa orodha ndiye anayeagiza orodha zifundishwe. Anayeandika kitabu cha shule kwa kunakili kitabu cha mwaka juzi ndiye anayeurithisha uongo kutoka kizazi hadi kizazi. Mkaguzi anayehesabu kurasa zilizonakiliwa madaftarini, asiulize hata mara moja mwanafunzi ameelewa nini, naye ameshiriki. Watu hao wote hulipwa kwa fedha za umma, kama Salutati alivyolipwa, na wana nafasi ile ile aliyokuwa nayo ya kufanya zaidi ya kusukuma karatasi.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mvua iliyonyesha Italia katika karne ya 15 ilitanguliwa na mawingu ya zaidi ya miaka 200: watoto waliofundishwa hesabu katika vyumba vya kukodi, watafsiri waliopofusha macho yao Toledo, wafumaji waliosokota sufu hata vidole vikakakamaa, na makarani waliosoma vitabu baada ya saa za kazi. Vijana waonyeshwe mawingu hayo. Anayeonyeshwa mvua peke yake ataishi akiangalia juu; anayeonyeshwa mawingu atajua kwamba mvua ina chanzo chake, na kwamba sehemu ya chanzo hicho ni daftari lililo mbele yake juu ya dawati.